Bomba Halipozi: Mjadala wa Mipira na Vifungio vya Kompyuta ya Maji

Kazi ya mpira katika kompyuta inayopozwa kwa maji ni kupitisha maji bila kuyamwaga na bila kuyachafua. Basi. Mpira haupozi kitu. Joto hutoka kwenye prosesa, huvuka utandu mwembamba wa pesti, huingia kwenye bamba la shaba la bloku, maji hulichukua na kulipeleka kwenye rejeta, na feni hulitupa hewani. Katika safari yote hiyo mpira ni njia tu. Hata hivyo, mtu anayejenga mashine ya aina hii kwa mara ya kwanza hutumia muda mwingi kuliko wote kuchagua mpira: mgumu au laini, wa kung'aa au mweusi, wa milimita 10 au 13. Vifungio, yaani zile springi, skrubu na vyuma vinavyoibana bloku juu ya prosesa, huvichukua vile vilivyokuja kwenye boksi na kuvikaza bila kuviuliza swali. Hoja ninayoitetea ni kwamba mambo hapo yamewekwa kichwa chini miguu juu. Mpira uchaguliwe kwa kuangalia namna unavyoharibika, wala si namna unavyopendeza au unavyopitisha maji. Na akili iliyookolewa hapo ihamie kwenye vifungio, maana huko ndiko nyuzi za joto zinakopatikana au kupotea.

Wanaoipinga hoja hii si wachache, na si wajinga. Yupo mtu wa hesabu za mtiririko. Yupo mpenda bomba gumu. Yupo anayeona kwamba kujijengea mfumo ni kujitafutia balaa, kwa kuwa zipo pozeo zilizofungwa kiwandani. Yupo pia anayebana matumizi, ambaye hukaa kimya hadi bei itajwe. Wote wana haki ya kusikilizwa.

— Ndugu mwandishi, anaanza mtu wa hesabu, fizikia haina ushabiki. Msukumo unaopotea ndani ya bomba hupungua kadiri ya kipenyo kilichopandishwa kipeo cha tano. Ukitoka milimita 10 kwenda 13 umepunguza ukinzani karibu mara nne. Unathubutu vipi kusema kipenyo hakina maana?

Kipeo cha tano nakikubali. Ninachouliza ni mara nne ya kitu gani. Tuchukue mashine nzito, yenye prosesa ya wati 250 na kadi ya picha ya wati 450. Core i9-13900K inaruhusiwa kufika wati 253 na RTX 4090 imepangiwa wati 450, kwa hiyo mfano huu si wa kubuni. Maji yakizunguka lita 4 kwa dakika ndani ya mpira wenye kipenyo cha ndani cha milimita 10, kila mita ya mpira itakula msukumo sawa na maji yenye kimo cha sentimita 11 hivi. Mashine ya kawaida ina mita moja na nusu ya mpira, kwa hiyo jumla ni kama sentimita 17. Pampu ya D5, ambayo ndiyo mzoefu wa kazi hii, ina uwezo wa kusukuma hadi kimo cha karibu mita 4. Mpira wote umejitwalia kipande kidogo. Sehemu kubwa inaliwa na rejeta, kona, na zaidi ya vyote bloku zenyewe, ambazo vijia vyake vya maji havifiki upana wa nusu milimita. Ukipanua mpira ufike milimita 13 utarudishiwa sentimita 12 au 13, na mtiririko wa mfumo mzima utapanda kwa asilimia chache. Mara nne ya kitu kidogo imekuwa kitu kidogo.

Tena, mtiririko ukipanda hivyo, joto linashuka kiasi gani? Kilo moja ya maji inahitaji kilojuli 4.18 ili ipande nyuzi moja. Wati 700 zikimwagwa kwenye lita 4 kwa dakika, maji hutoka yakiwa yamepanda nyuzi 2.5 katika mzunguko mzima. Tuseme mtiririko umeanguka hadi nusu, lita 2 kwa dakika: hapo yatapanda nyuzi 5. Huko ni kupoteza nusu nzima ya mtiririko, ilhali mpira mpana unabishaniwa kwa asilimia mbili tatu. Na hata hizo zinakutana na kikwazo mlangoni. Takriban kila bloku, tangi na rejeta ya kompyuta hutumia uzi wa G1/4, ambao kipenyo chake cha nje ni milimita 13.16. Ukitoa unene wa chuma cha fitingi, tundu linalobaki kwa maji halizidi sana milimita 10. Maji yanayotembea kwa raha ndani ya mpira wa milimita 13 yatajikunyata kila yanapoingia na kila yanapotoka.

— Lakini ndani ya bloku mtiririko una kazi nyingine, anasisitiza. Maji yakienda polepole mno kati ya mapezi yale madogo, hayalikombi joto sawasawa.

Ni kweli, na ndiyo maana sisemi mtu anunue pampu dhaifu. Nasema asinunue mpira mpana akidhani amenunua pampu. Kuna kipimo kimoja cha mpira kinachostahili kuumiza kichwa, nacho ni unene wa ukuta. Mpira wa 10/13, yaani milimita 10 ndani na 13 nje, una ukuta wa milimita moja na nusu. Wa 10/16 una ukuta wa milimita 3. Wa 13/19 nao una ukuta wa milimita 3, ila umezunguka uwazi mkubwa zaidi, kwa hiyo hukunjika mapema kuliko wa 10/16 ukipindishwa kwa kona ileile. Mpira uliokunjika kama shingo ya kuku nyuma ya kadi ya picha hupoteza mtiririko mwingi kuliko tofauti zote za vipenyo tulizozizungumza, na mara nyingi hujikunja baadaye, mashine ikishapata moto na mpira ukalegea. Kwa hiyo mtu wa hesabu akitaka kuendelea na hesabu, ahesabu nusu kipenyo cha kona zake.

— Kizuri chajiuza, anaingilia mpenda bomba gumu. Kasha langu lina ukuta wa kioo. Mabomba yangu yananyooka na kukata kona kwa digrii tisini, maji yana rangi, na hakuna mpira laini utakaonipa hayo. Halafu wewe unayeogopa uchafu, nijibu: akriliki na PETG, plastiki za mabomba haya, zinatoa uchafu gani?

Karibu hakuna, na hilo ni la kumpa haki yake yote. Bomba gumu halina vilainishi vya kuvuja ndani ya maji, halififii kwa mwaka mmoja, na likikatwa na kupindwa na mkono uliotulia huwa kweli linavutia. Udhaifu wake uko kwingine, na ni wa aina tatu. Wa kwanza ni joto. PETG huanza kulegea ikikaribia nyuzi 80, akriliki ikikaribia 105. Maji ya mfumo mzuri hukaa nyuzi 10 hadi 15 juu ya joto la chumba, kwa hiyo katika nchi za baridi mtu ana nafasi tele. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, chumba kisicho na kiyoyozi kikiwa na nyuzi 32, maji yatakuwa kwenye nyuzi 42 hadi 47. Bado ni salama. Ila pampu ikisimama, maji yaliyotuama ndani ya bloku hufuata joto la prosesa, na prosesa nyingi za kisasa hazianzi kujipunguzia kasi mpaka zikaribie nyuzi 95 au 100. Bomba la PETG lililochomekwa kwenye bloku hiyo linaweza kulegea pale pale kwenye fitingi, na likilegea hapo linachomoka.

Wa pili ni jinsi linavyoshikwa. Mpira laini huvalishwa juu ya kinundu cha fitingi kisha pete ya nje hukazwa juu yake, kwa hiyo umebanwa ndani na nje. Bomba gumu ni laini usoni, na kinachoweza kulizuia lisichomoke ni msuguano wa oringi, kile kipete cha mpira ndani ya fitingi, tu. Likikatwa mshazari, au ukingo wake ukiachwa bila kusuguliwa kwa msasa, linaikwangua oringi wakati wa kuchomekwa na kuiachia mkato usioonekana kwa jicho. Hapo mfumo utashika maji wiki nzima ukiwa mezani. Pakia kasha hilo kwenye basi la mkoani, matuta yamalize kazi. Wa tatu ni mabadiliko. RTX 3090 ilitoka mwaka 2020, RTX 4090 mwaka 2022, RTX 5090 mwanzoni mwa 2025. Kila kadi ina bloku yake, na matundu ya maji hayakai palepale. Mwenye mpira laini anausogeza au anakata kipande kipya kwa kisu. Mwenye bomba gumu anaanza upya na kipasha joto, kamba ya silikoni ya kuzuia bomba lisibonyee, na mabomba ya akiba ya kuharibu.

— Basi tuelewane katikati, anasema. Nitatumia mpira laini wa kung'aa, unaoonyesha maji.

Katikati hapa ni pabaya kuliko pembe zote mbili. Mpira laini wa kung'aa kwa kawaida ni PVC, na PVC kwa asili ni ngumu. Bomba la maji ya nyumbani ni PVC ileile. Ili ipindike huchanganywa na vilainishi, mara nyingi vya jamii ya fthaleti, ambavyo vinaweza kufika theluthi moja ya uzito wa mpira. Vilainishi hivyo havijafungamana na plastiki kikemia. Vimo humo kama wapangaji, na maji ya vuguvugu yanapopita mchana na usiku vinahama polepole. Mpira unageuka kuwa na ukungu, kisha unakauka na kuwa mgumu. Kilichotoka humo kinaungana na rangi ya maji na kuwa utando mweupe au wa kijani unaonata, na utando huo una tabia ya kutua mahali pembamba kuliko pote: kati ya mapezi ya bloku. Fungua bloku iliyofanya kazi mwaka mmoja na nusu na mpira wa namna hiyo, uishike kwenye mwanga. Utaona mistari ya shaba imezibwa katikati, pale maji yanapoingia, na pembeni bado inang'aa. Mswaki laini na siki vitaisafisha, lakini mashine nzima imebidi ifumuliwe kwa sababu ya mpira.

Ninaoutetea ni mpira mweusi wa EPDM wa 10/16. Ni jamii ya mpira uleule unaounganisha injini na rejeta ya gari, kwa hiyo fundi yeyote wa gereji anaufahamu hata kama hajawahi kusikia jina lake: unakaa miaka kwenye maji na kulanti yenye joto la kuchemsha, chini ya shinikizo, na haupasuki ovyo. Hauonyeshi ndani, kwa hiyo mwanga hauingii na mwani haupati pa kuanzia. Haupitishi mvuke kama silikoni, ambayo ni laini na nzuri kushika lakini hukupunguzia maji kimyakimya. Katika vituo vya data ambako kompyuta za kazi nzito zinapozwa kwa maji, mahali ambapo tone moja lina gharama, mipira ya EPDM ni kitu cha kawaida. Wale wenye cha kupoteza zaidi hawakuchagua kinachopendeza pichani.

Una masharti yake, na ni bora yasemwe. Ukifika usuuze ndani kwa maji safi mpaka usitoe weusi. Kuuvalisha kwenye kinundu cha fitingi kunataka nguvu za vidole, na kishawishi ni kuupaka mafuta ya kujipaka mwilini. Usithubutu: hayo ni mafuta ya petroli, na EPDM hufura ikikutana nayo. Oringi nyingi za fitingi nazo ni EPDM. Chovya ncha ya mpira kwenye maji ya moto, au tumia grisi ya silikoni.

— Na maji nitayaonaje? Nitajuaje kama yanazunguka, kama yamechafuka?

Kwa tangi. Tangi la kuona ndani, moja, linatosha. Huhitaji mita nzima ya dirisha ili ujue hali ya hewa.

Kuhusu fitingi nitapita haraka, kwa sababu hapa ubishi ni mdogo. Ziwe za shaba ya manjano iliyopakwa nikeli. Zisiwe za alumini katika mfumo wenye bloku ya shaba, kwa kuwa metali hizo mbili zikiunganishwa na maji zinageuka betri, na anayeliwa ni alumini. Uzi wa G1/4 umenyooka, haujachongoka, hivyo hauzibi maji kwa kubanana. Kinachoziba ni oringi. Tepe nyeupe ya fundi bomba haina kazi hapo, na spana haina kazi hapo pia. Kaza kwa vidole mpaka oringi iguse, ongeza kidogo, acha. Matangi mengi ya akriliki yaliyopasuka mdomoni yalipasuliwa na mtu aliyekuwa akihakikisha kwamba hayatavuja.

Sasa vifungio. Mtu wa hesabu ananisubiri hapa, naye atapata hesabu. Kati ya kifuniko cha prosesa na bamba la bloku kuna pesti. Tuseme pesti ni ya wastani, inapitisha wati 5 kwa mita kwa kila nyuzi, na eneo la mguso ni sentimita 10 za mraba. Wati 250 zikivuka utandu wa milimita 0.05, tofauti ya joto kati ya pande mbili ni nyuzi 2.5. Utandu ukiwa milimita 0.2, kwa sababu bloku haikubanwa vya kutosha au imebanwa upande mmoja, tofauti inakuwa nyuzi 10. Na hapo nimelichukulia joto limesambaa sawasawa, jambo ambalo si kweli: linatoka kwenye chipu ndogo kuliko kifuniko chake, kwa hiyo juu ya chipu hali ni mbaya zaidi. Nyuzi saba na nusu, na ushei, zimepotea ndani ya unene wa karatasi mbili za kuchapia. Hakuna mpira duniani unaoweza kuzirudisha.

Hili si jambo jipya. Mwaka 1980 IBM ilitangaza kompyuta yake ya 3081, iliyopozwa kwa maji. Kupata maji baridi hakukuwasumbua wahandisi wake. Mfumo wa mabomba ulijulikana. Kilichowasumbua ni namna ya kulifikisha joto la chipu zaidi ya 100, zilizopangwa ndani ya moduli moja na zisizolingana kimo, kwenye bamba linalopitisha maji. Walichofanya ni kuweka juu ya kila chipu pistoni yake ya alumini yenye springi, ili kila chipu ipate mgandamizo wake bila kutegemea jirani. Kisha wakaijaza moduli gesi ya heliamu, kwa kuwa heliamu hupitisha joto karibu mara sita kuliko hewa, na mianya midogo isiyoepukika kati ya pistoni na chipu ikawa si hasara kubwa tena. Pistoni, springi, heliamu: zote kwa ajili ya mguso. Maji yalikuwa sehemu rahisi.

— Hizo zilikuwa mashine za ukubwa wa chumba, anasema mtu wa hesabu. Leo vifungio vinakuja tayari, vina maelekezo ya picha. Skrubu ni skrubu.

Vinakuja tayari kwa soketi fulani, na soketi hazikai. Intel ilitumia matundu ya skrubu yaliyoachana milimita 75 tangu LGA1156 ya mwaka 2009 hadi LGA1200 ya mwaka 2020. LGA1700 ilipotoka mwaka 2021 matundu yakawa milimita 78, na LGA1851 ya mwaka 2024 ikabaki hapohapo. Vifungio vingi vya zamani vina tundu refu, na kwa kulazimisha kidogo vinaingia. Kwa macho kazi imekwisha. Lakini LGA1700 haikubadili matundu tu. Prosesa yake inakaa chini zaidi ya ile ya LGA1200, kwa sehemu ya milimita. Kifungio kilichopimwa ili springi yake ijikunje kiasi fulani juu ya prosesa ndefu kinafika mwisho wa uzi wake kabla ya kuibana fupi. Skrubu imekaza, mkono umeridhika, na springi imebeba nusu ya mzigo wake. Ndiyo ile milimita 0.2 ya pesti. Upande wa AMD mtego ni mwingine: AM4 na AM5 zina matundu mahali pamoja, milimita 90 kwa 54, ila katika AM5 bamba la nyuma ni sehemu ya soketi na halitolewi. Bloku inayotegemea bamba lake yenyewe la nyuma haifungiki hapo bila kifaa kingine.

LGA1700 ilileta na jambo la tatu. Prosesa yake si mraba, ni mstatili wa milimita 45 kwa 37.5, na kile kibanio cha soketi huikandamiza katikati ya pande zake mbili ndefu. Matokeo yake kifuniko hupinda kidogo, kikawa kama sahani, na bloku ikagusa kingo kuliko katikati, pale penye joto. Ndipo zikatokea fremu za kubadilisha kibanio hicho, zinazokandamiza pande zote nne kwa usawa. Intel ilionya kwamba kugusa kibanio kunahatarisha dhamana, na anayeogopa hilo ana sababu. Mimi ningeifunga fremu kwenye mashine ya wati 250 na nisingejisumbua nayo kwenye ya wati 125. Chochote utakachoamua, skrubu nne za bloku zikazwe kwa mshazari, kona kwa kona, mizunguko miwili miwili, hadi zifike kikomo chake. Anayemaliza skrubu moja kisha akahamia ya pili ameshaiinamisha bloku, na pesti iliyokimbilia upande mmoja hairudi.

Rejeta nayo ina vifungio, na huko kosa halipimwi kwa nyuzi. Feni ya kawaida ina unene wa milimita 25, na skrubu yake ni ya milimita 30. Milimita 5 zinaingia kwenye rejeta. Mtu akinunua feni nyembamba ya milimita 15 kwa sababu kasha ni dogo, kisha akatumia skrubu zilezile, milimita 15 zinaingia, na nyuma ya tundu hilo, karibu sana, limelala bomba bapa la maji. Bisibisi haina habari, inaendelea kuzunguka. Rejeta nzuri huwa na kipande cha bati cha kulinda bomba hapo, lakini si zote. Kagua pia uzi: wengine hutumia M3, wengine M4, wengine UNC 6-32 ya kipimo cha Marekani, ambayo ina kipenyo cha milimita 3.5. M3 ndani ya tundu la 6-32 itacheza na kutetemeka. M4 itauharibu uzi.

— Yote haya, anasema mtu wa pozeo za kiwandani, ndiyo sababu mimi nanunua iliyokwisha kufungwa. Pampu, bloku, mipira, rejeta, vimo. Nakaza skrubu nne, naondoka.

Kwa prosesa peke yake, simpingi hata kidogo. Nitamwonyesha tu mambo mawili. Mipira ya pozeo hizo ni mpira mweusi uliovishwa suka la nailoni. Kiwanda kinachotoa dhamana ya miaka mitano au sita bila mtu kuongeza maji hakikuthubutu kutumia PVC ya kung'aa wala bomba gumu, kwa hiyo shahidi wake ni shahidi wangu. La pili ni hizo skrubu nne. Kiwanda kimemfungia kila kitu isipokuwa mahali pale pa mguso, na mahali hapo pamebaki mikononi mwake pamoja na soketi, kimo, springi na pesti. Hoja yangu haijampita. Imemkuta akiwa na kazi moja tu ya kufanya, na hiyo ndiyo yenyewe. Akitaka kadi ya picha ya wati 450 nayo iingie kwenye maji, mara nyingi atalazimika kurudi kwetu.

Mbana matumizi amekuwa akipiga hesabu kwenye karatasi. — Mpira mweusi wa mita mbili, anasema, fitingi nane, fremu, kifungio cha soketi mpya. Nipunguze wapi?

Apunguze kwenye fitingi. Kila kona ya digrii tisini ya chuma ni fitingi ya bei, na mpira wa 10/16 unapinda wenyewe kona nyingi hizo akiupa nafasi. Fitingi rahisi ya kinundu na bana ya springi inashika EPDM vizuri. Haipendezi kama ya pete, lakini haivuji. Rangi za maji aache kabisa: maji yaliyochujwa chumvi yenye dawa ya kuzuia kutu na ukungu yanatosha, na kulanti zenye chembe za kung'aa huziba mapezi kama PVC ilivyoziba. Asipunguze kwenye kifungio, na asipunguze kwenye koki ya kumwagia maji, iwekwe mahali pa chini kuliko pote, kwa fitingi ya njia tatu. Bila koki kila matengenezo huanza na mpira unaochomolewa juu ya mazabodi.

— Na kipimo cha shinikizo? Nacho ni pesa.

Aazime, au wanunue wawili watatu kwa pamoja, maana kinatumika mara chache. Kabla ya tone la kwanza mfumo ujazwe hewa, kilopaskali 50 zinatosha, na uachwe nusu saa umeme ukiwa haujaunganishwa. Mshale ukitulia, maji yaingie, pampu iwashwe peke yake bila mazabodi, na isiachwe izunguke kavu, kwa kuwa beringi ya D5 inalainishwa na maji yale yale inayoyasukuma. Mshale ukishuka, aanze na fitingi alizozifunga mwisho, zile za mahali pa kubanana nyuma ya kadi ambako vidole havikufika vizuri, kisha kifuniko cha tangi, na rejeta iwe ya mwisho, isipokuwa kama alibadilisha feni.